Mahindi Yanayoishia Njiani

Mama mzee amekaa juu ya mfuko wake wa mahindi pembeni ya uwanja wa mgao wa chakula cha msaada, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, miguu ameinyoosha juu ya mawe meusi ya volkano. Jetoni, kile kipande cha kupokelea mgao, ameshairudisha. Jina lake limeshawekwa alama. Kwa upande wa karatasi, mambo yake yamekwisha.

Kijana anakuja, anaupima mfuko kwa macho.

"Mama mzee, nikubebee?"

"Mpaka Majengo unataka nini, mwanangu?"

"Nipe kopo tatu."

"Mbili. Na twende polepole."

Wanapatana. Mfuko unafunguliwa palepale, kopo mbili za mahindi zinatoka, ndipo safari inaanza. Mgao umepungua kabla haujatoka uwanjani.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki nyingi. Kijana simlaumu, kubeba ni kazi na naye ana watu wanaomsubiri nyumbani. Kinachonisumbua ni kwamba kila tunapozungumzia chakula cha wazee, tunazungumzia kilo: zimepunguzwa, zimechelewa, ziongezwe. Yanayotokea kati ya mizani na kinywa hatuyagusi.

Na hapo katikati ndipo mzee anapolala njaa.

Kilo 12 zinakwenda wapi

Mgao kamili uliozoeleka, kwa mtu mmoja kwa siku, ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagi, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Unga wa uji wenye soya ukipatikana huongezwa gramu 50, na sukari gramu 15. Vyote pamoja vinakaribia kilokalori 2,100, kiwango kinachotumiwa kupangia chakula cha dharura. Kwa mwezi hizo ni kilo 12 za mahindi, kilo 1.8 za maharagi, na mafuta yasiyofika lita moja. Siku hizi mgao kamili ni bahati. Lakini tuchukue huo huo, ulio bora, tuone unafika wapi.

Mzee anaishi peke yake. Kubebewa, kilo moja imekwenda. Zimebaki 11. Makala, yaani mkaa wa kupikia, hana, na pesa hana, kwa hiyo anauza kilo mbili sokoni kwa bei ya siku ya mgao, siku ambayo kila mtu anauza na bei imeanguka. Zimebaki 9. Mahindi ni punje, hayaliwi hivyo hivyo, lazima yaende mulini, kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mulini asipolipwa faranga anachukua kipimo chake kwenye mahindi. Zimebaki 8. Unga ukichujwa ili ugali uwe laini kwa mtu asiye na meno, pumba zinaondoka na karibu kilo nyingine.

Unga uliofika jikoni ni kilo 7.

Gawa kwa siku 30: gramu 233, si 400. Kilokalori zilizopaswa kutoka kwenye mahindi zilikuwa kama 1,440. Zimebaki kama 840. Na hapo hakuna aliyeiba, hakuna mgao uliokatwa, hakuna ripoti itakayoonyesha pengo. Kwenye daftari mzee huyo amekula.

Sasa weka pembeni yake familia ya watu sita. Wamepewa kilo 72. Chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inabeba mzigo wote kwa safari moja, na bei ya safari haizidi mara sita. Pengine hawalipi kabisa, kwa sababu wana vijana wawili wenye mabega. Mulini wanakwenda na mzigo wa kutosha kupatana bei. Hasara yao kwa kila kilo ni ndogo sana kuliko ya mzee wa pekee.

Mgao unapangwa kwa kichwa. Gharama za kuugeuza kuwa chakula hazipangwi kwa kichwa.

Chungu hakihesabu watu

Hili linaonekana zaidi kwenye moto kuliko mahali popote. Chungu cha maharagi ya mtu mmoja kinataka makala karibu sawa na chungu cha watu wanne. Maharagi hayaivi haraka kwa sababu ni machache.

Na hapa kwetu yanachelewa zaidi. Goma iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Hizo nyuzi tano ndizo zinazomfanya mama akae mbele ya mbabula, jiko la makala, akiongeza makala tena na tena. Ongeza maharagi ya mgao ambayo yamekaa ghalani miezi mingi: kadiri yanavyozeeka kwenye joto na unyevu ndivyo ganda na kiini vinavyokataa kulainika. Mzee anachoka, au makala yanaisha, anakula maharagi magumu. Tumbo linamuuma usiku. Kesho yake anasema maharagi hayampatani, anayauza. Ile protini ya mgao iliyokuwa tegemeo imekwenda sokoni.

Kinachosaidia ni kuloweka. Kopo moja ya maharagi kwa kopo nne za maji, kuanzia jioni mpaka asubuhi, kisha maji hayo yamwagwe na yawekwe mapya. Muda wa kupika unapungua sana, na gesi tumboni pia. Chumvi iwekwe mwishoni, mafuta mwishoni. Wapo wanaotia magadi ili yaive haraka. Ninaelewa kwa nini, lakini magadi huharibu vitamini B1, na yanaongeza sodiamu kwa mtu ambaye pengine ana presha na dawa zake zimekwisha mwezi uliopita. Bora kuloweka saa mbili zaidi.

Baada ya kuiva, yapondwe na mwiko, yalainishwe na maji yake. Mtu mwenye meno matatu anaweza kumaliza bakuli la maharagi yaliyopondwa. Mazima atayachezea, atampa mjukuu.

Njia nyingine ni bibi watatu au wanne wa avenyu moja kuchanga chungu kimoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Makala yanagawanyika. Inavunjika wapi? Kwenye kupima. Mmoja akihisi maharagi yake yalikuwa mengi kuliko ya mwenzake, chungu kimekufa wiki hiyo hiyo. Wanaodumu ni wale wanaopima kwa kopo moja ileile, mbele ya wote, kabla ya kuloweka, kama wanavyohesabu pesa za AVEC, kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Kuna maji pia. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, visima ni taabu, kwa hiyo maji ni ya bomba la mtaa au ya ziwani. Bidoni la lita 20 ni kilo 20. Mzee asiyeweza kulibeba anayanunua nusunusu, anayaweka kwa kupika, anakunywa kidogo. Kiu yenyewe hupungua uzeeni, na wengi wanaogopa kuamka usiku kwenda chooni gizani. Matokeo yake ni choo kigumu, kichwa kuzunguka, hamu ya chakula kupotea. Tunaona mtu "amekataa kula" kumbe amekauka. Vikombe sita mpaka vinane kwa siku, uji na mchuzi vikihesabiwa, vingi vinywewe kabla ya jua kuzama: hilo ni shauri rahisi kwa asiye na ugonjwa wa moyo au figo, lakini linahitaji mtu wa kumletea bidoni.

Utepe wa kijani

Kuna utepe ambao kila mama wa hapa anaufahamu. Unazungushwa kwenye mkono wa mtoto. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, juu ya hapo ni kijani, mtoto salama.

Mchukue mzee ambaye ngozi ya mkono inaning'inia, mifupa ya bega inaonekana chini ya shati. Mzungushie utepe huo. Sentimita 17.

Kijani.

Utepe haujakosea, umetengenezwa kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59. Wanaofanya kazi na wazee kwenye dharura hutumia vipimo vingine: chini ya sentimita 21 ni utapiamlo wa kati, chini ya 18.5 ni utapiamlo mkali. Mzee wa sentimita 17 ni mgonjwa wa kupelekwa leo. Kwangu mimi hapa ndipo mambo yaligeuka. Nilikuwa nimechukulia kwamba wazee hawaonekani kwa sababu hakuna anayewaangalia. Kumbe hata anapotokea wa kuwaangalia, anaweza kuwa ameshika kifaa kinachomwambia kila kitu ni sawa.

Namna ya kupima si siri. Utafutwe utepe wa watu wazima, au utepe wa fundi cherehani. Mkono wa kushoto, ukunjwe kwenye kiwiko kwanza: tafuta ncha ya mfupa wa bega, tafuta ncha ya kiwiko, weka alama katikati. Kisha mkono uning'inie, ulegee. Zungusha utepe kwenye alama, uguse ngozi bila kuibana na bila kuacha nafasi. Mzee akiwa amevaa sweta na fulana mbili, zivuliwe upande huo. Wanaopima juu ya nguo kwa haraka au kwa aibu wanaongeza sentimita moja au mbili, na hizo mbili zinatosha kumtoa mtu kwenye orodha.

Uzito na urefu haviwafai sana. Mgongo umepinda, kusimama wima ni shida, na urefu unaopatikana si wa kweli. Mkono unatosha.

Baada ya mkono, angalia miguu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, hesabu mpaka tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa moyo au figo. Aende kituo cha afya, asitibiwe kwa kukisia nyumbani.

Tatizo linalofuata ndilo gumu. Akishafika huko, atapewa nini? Ile pasta ya karanga ya pakiti, gramu 92 zenye kilokalori 500, imepangiwa watoto wadogo, na idadi ya pakiti imehesabiwa kwa watoto. Muuguzi mwenye huruma akimpa mzee, amemnyima mtoto wa kesho. Sijui muuguzi gani angelala vizuri baada ya uamuzi huo, upande wowote atakaoangukia. Ndiyo maana kupima bila kupanga cha kumpa ni nusu ya kazi, na walio na nafasi ya kupanga wanatakiwa kuweka fungu la wazee tangu mwanzo, kabla pakiti hazijafika.

Jambo moja la hatari wasilosahau ndugu wa nyumbani: mzee aliyekonda sana asishindiliwe chakula siku ya kwanza kwa furaha ya kupata mgao. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu yanayumba na moyo unaweza kusimama. Uji kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na chini ya macho ya mhudumu wa afya.

Chakula kwanza kinapita kwa wajukuu

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mzee anakula peke yake. Wengi hawali peke yao. Vita imewaachia watoto wa watoto wao.

Kwa muda nilikuwa upande wa wanaosema: mgao wa mzee ulindwe, uandikwe jina lake, apewe chakula ambacho watoto hawakipendi, au ale palepale mbele ya msimamizi. Maelezo yao yana mantiki. Lakini fikiri namna inavyokuwa nyumbani. Bibi ana bakuli la uji. Watoto watatu wamekaa wanamtazama, hawasemi neno. Chakula hicho kitashukaje kooni?

Hakishuki.

Bibi anayegawa bakuli lake anafanya kile ambacho bibi hufanya, na mpango unaomtaka aache kuwa bibi ndio uliokosea. Tatizo liko kwenye swali la kuandikisha. Tunauliza: "Mko wangapi?" Mzee anataja waliomo kwenye kadi. Wajukuu walioletwa mwezi uliopita kutoka Masisi hawamo, au wamo kwenye kadi ya baba yao ambaye hajulikani alipo. Swali linalofaa ni hili: "Jana jioni nani walikula chungu hiki?" Watu wanajibu kwa majina, na majina yanaweza kuulizwa kwa jirani.

Tangu kambi zilizouzunguka mji zilipoondolewa Februari 2025, swali hilo lina uzito zaidi. Kambini mzee alikuwa na kibanda chake na namba yake. Sasa wengi wamejibanza kwa ndugu, kwa marafiki wa ndugu, kwenye chumba cha nyuma mtaani. Akiandikwa, anaandikwa kama mdomo mmoja ndani ya nyumba ya mwingine, na mwenye nyumba akiwa na kikazi kidogo cha mjini, nyumba nzima inaonekana haina shida. Mzee ametoweka kwenye orodha bila kufa.

Pendekezo langu ni mgao uwe na sehemu mbili: sehemu ya kichwa, kwa kilo, kama ilivyo, na sehemu ya chungu, isiyobadilika: unga uliosagwa badala ya punje, au gharama ya mulini, pamoja na makala ya mwezi na ujira wa kubebewa, kwa kila nyumba ya mtu mmoja au wawili wa miaka 60 na zaidi, na kwa kila mzee anayelea watoto bila mtu mzima mwingine.

Wasiwasi ninao. Ukitangaza kwamba kila chungu kina fungu lake, nyumba zitagawanyika. Babu atahamishiwa chumba cha pili, ataitwa kaya. Sioni njia ya kuzuia hilo kabisa. Ukimpa mkubwa wa nyumba kumi jukumu la kuthibitisha, atawaweka shangazi zake kwanza. Ukimpa mgeni, hamjui mtu. Afadhali orodha isomwe kwa sauti mbele ya avenyu, wazee wenyewe wakiwepo, na iachwe imebandikwa siku kadhaa kabla ya mgao. Udanganyifu utabaki kiasi. Lakini hasara ya babu mmoja aliyeongezewa makala ya bure naiona ndogo kuliko ya bibi anayeuza maharagi ili aweze kupika maharagi.

Kidole, simu, kadi

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinawapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mlangoni pa mgao, hatua maalumu inaanza na kidole.

Mashine ya alama za vidole inasoma mistari ya ngozi. Mama aliyelima miaka 50, akafua, akaosha vyungu kwa majivu, mistari imefutika. Ngozi ya uzeeni pia ni kavu. Mashine inasema hapana, foleni inanung'unika, mama anasukumwa pembeni "asubiri". Kabla ya kukata tamaa: mikono ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushwe vizuri, kidole kisuguliwe kwenye kiganja kidogo kipate joto, kisha kijaribiwe kingine na kingine. Siku ya kuandikishwa ziombwe alama za vidole vyote, si kimoja.

La maana zaidi ni mwakilishi. Mzee aandikishe watu wawili wa kumpokelea, kwa sababu yule mmoja ndiye anayekuwa amesafiri siku ya mgao. Mmoja awe wa nyumbani, wa pili jirani asiye ndugu wa wa kwanza. Wanaokula mgao wa mzee mara nyingi ni wale wanaojua hakuna mwingine wa kuuliza.

Umri nao una mitego. Wengi waliozaliwa vijijini hawana cheti, wanategemea kadi ya mpiga kura, na mwaka ulioandikwa pale ulikisiwa na karani. Mtu ana miaka 66, kadi inasema 57. Asibishane mlangoni; aende mapema kwenye dawati la malalamiko na shahidi wa rika lake anayejulikana, akitaja matukio: alikuwa na watoto wangapi Nyiragongo ilipolipuka Januari 1977, kwa mfano.

Pesa kwa simu zinaondoa mzigo wa kubeba, na mzee anaweza kununua unga uliosagwa na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, badala ya punje. Kwa wanaoishi karibu na soko naziona bora. Ila laini nyingi zimeandikwa kwa jina la mjukuu, ujumbe unakuja kwa Kifaransa, namba ya siri inasemwa kwa sauti kwa wakala. Benki zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, noti zikawa adimu na wakala akawa mfalme. Bora kumlipa mwenye duka moja kwa moja kwa simu pale anapokubali, kuliko kutoa pesa zote siku moja. Laini iwe ya jina la mzee. Namba ya siri aijue yeye na mtu mmoja tu anayekula naye.

Theluthi moja ya siku

Marekani ilianzisha mpango wa kitaifa wa mlo wa wazee mwaka 1972, kwa watu wa miaka 60 na zaidi, na una sharti ninalolipenda kwa wepesi wake: kila mlo utoe angalau theluthi moja ya mahitaji ya siku. Mlo mmoja wa maana, saa inayojulikana, uliopikwa tayari. Hakuna punje, hakuna mulini, hakuna makala ya mtu mmoja.

Theluthi ya 2,100 ni 700. Hapa Goma chungu hicho kinapikika hivi, kwa mzee mmoja: unga gramu 100, maharagi makavu gramu 60, mafuta ya mawese gramu 15, sambaza kavu zilizotwangwa gramu 10, na lengalenga, yaani mchicha, mikono miwili. Inapita kilokalori 700 kidogo. Kwa wazee 20 ni kilo 2 za unga, kilo 1.2 za maharagi, gramu 300 za mawese, gramu 200 za sambaza. Masufuria mawili, mama wawili, mbabula mbili kubwa.

Sambaza zisiachwe kwa sababu ya bei. Gramu 10 za samaki mkavu zina protini kama gramu 6, na kwa kuwa zinatwangwa na mifupa yake zinaleta kalsiamu, tena zina vitamini B12, ambayo mahindi na maharagi hayana kabisa na ambayo tumbo la mzee huipokea kwa shida. Mzee anahitaji protini ya gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake. Wa kilo 50, gramu 50 mpaka 60 kwa siku. Tunazoea kufikiri mzee hafanyi kazi kwa hiyo ale kidogo. Nishati anaweza kupunguza, protini hapana, la sivyo misuli inayomwinua kitini inakwisha. Sambaza zipepetwe mchanga, zikaangwe bila mafuta mpaka zivunjike, zitwangwe, zichujwe. Mwiba mmoja kooni utawaondoa wazee watano kesho yake.

Asubuhi, uji wa sosoma: mahindi sehemu mbili, mtama moja, soya moja. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa; ikiwa mbichi inazuia mwili kutumia protini na inaharisha. Gramu 60 za unga kwa nusu lita ya maji, dakika 20 za kuchemka, kijiko kikubwa cha mawese mwishoni, ambacho peke yake kina kilokalori kama 120. Wapo wanaokataa wakisema uji ni wa mtoto. Wapewe kwenye kikombe kikubwa, si bakuli na kijiko, na wapewe pamoja na wenzao. Wengi wanakubali.

Majiko ya namna hii yanaweza kukaa parokiani, msikitini, au uani kwa mtu mwenye nafasi. Yanakufa zaidi kwa sababu mbili kuliko kwa njaa ya fedha: umbali, kwa kuwa mzee mwenye magoti mabovu hatembei kilomita moja juu ya mawe kila siku, na mama wapishi kuchoka bila ujira. Dakika 10 za mwendo wa mzee, si wa kijana, iwe mwisho wa eneo la jiko moja. Na wapishi wapewe angalau mlo wao na wa watoto wao, uandikwe kwenye bajeti wazi, wasilazimike kuuficha chini ya kitenge.

Kwa asiyetoka kitandani chakula kipelekwe na mtu mmoja anayejulikana, kwenye chombo chenye kifuniko na jina. Kisizidi saa mbili tangu kuiva. Kikizidi, kichemshwe upya mpaka kitokote, ndipo kipoe. Ainuliwe akae kabla ya kulishwa, asilishwe amelala, na abaki amekaa nusu saa baada ya kumaliza. Akikohoa kila anapomeza, uji ufanywe mzito badala ya kuongezwa maji, alishwe nusu kijiko kwa nusu kijiko, na apelekwe akaonwe na mganga, kwa sababu chakula kinachoingia mapafuni kinaua haraka kuliko njaa.